Darasa la madereva wazee hapa Tabora mjini: nimempeleka mama, haya ndo niliyoyaona

Niseme jibu mwanzoni kabisa maana najua wengi mnataka jibu: darasa ni zuri, kama una mama au baba ameshavuka sitini na bado anaendesha, mpeleke. Ila yale makaratasi wanayogawa msiyaamini yote, nitaeleza huko chini kwa kirefu kwasababu hapo ndo kuna hatari yenyewe. Jina la chuo nalihifadhi, nimeshakaa nao nikawaambia yangu na wameahidi kurekebisha, naona tuwape muda kwanza.

Mama yangu ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, ana miaka 68, ana gari yake ndogo ya Toyota IST aliyoinunua na hela ya kiinua mgongo na anaendesha mwenyewe, sokoni mwenyewe, kanisani mwenyewe, kliniki ya sukari hospitali ya Kitete mwenyewe, na mvua zikianza tu yuko njia ya Sikonge kwenda kuangalia mahindi na karanga zake. Mwaka huu akakwaruza bampa kwenye nguzo ya geti la nyumbani, kitu kidogo tu, lakini kwenye grupu la familia likawa jambo, mara mama atafutiwe dereva, mara gari iuzwe, mara funguo akae nazo kaka. Mi nikakataa. Nimeona kwa baba mkubwa kule Urambo, watoto walimchukulia funguo kwa nia nzuri kabisa, sasa hivi kliniki ya presha anaenda akipata mtu wa kumpeleka na asipopata haendi, anashinda kibarazani, na hali yake si ile ya wakati anaendesha. Kwahiyo nilichotaka ni kwamba kabla hatujaamua lolote akae nae mtu anayeijua kazi, amwangalie akiendesha, afu atuambie ukweli mama anaweza nini na hawezi nini. Hicho nilikipata.

Inavyoenda ni hivi. Asubuhi mnakaa darasani kidogo, wazee wachache tu sio umati, mnafundishwa sheria na mambo ya mwili unavyobadilika, afu kila mzee anatoka na mwalimu kwa gari YAKE MWENYEWE. Hili la gari yake ndo limenifanya niwape maksi nyingi. Vyuo vingi ukienda unapanda gari lao la lena lenye breki mbili, lina klachi, unajifunza gari ambalo hutaliendesha tena maishani, mzee anarudi nyumbani kwenye gari yake ya oto na matatizo yake ni yale yale. Bei ilikuwa chini ya laki mbili kwa kozi nzima, mafuta juu yenu. Kwa mstaafu sio hela ndogo, mi na mdogo wangu tulichanga.

Sasa lawama ya kwanza. Siku ya kwanza walimpa mama mwalimu kijana, na yule kijana sijui alizoea kufundisha vijana wenzie wa bodaboda, maana ilikuwa ni kelele mwanzo mwisho, "kanyaga breki!", "bibi angalia kioo!", mpaka mikono ya mama ikaanza kutetemeka kwenye usukani. Nilikuwa siti ya nyuma. Mama akawasha indiketa, akapaki pembeni vizuri kabisa, akazima gari, akamgeukia akamwambia, "Mwanangu, mimi nimefundisha watoto tangu sijaolewa, hakuna mtoto niliyewahi kumpigia kelele akaelewa. Niambie taratibu nitafanya." Kijana akaomba radhi, nampa haki yake, lakini mi nilivyorudi ofisini kwao nikawaambia wazi kuwa mtu mzima ukimpayukia anapoteza umakini na hapo ndo anagonga. Wakatubadilishia bila ubishi, wakatupa mwalimu mtu mzima, mwenye miaka hamsini na kitu hivi. Kuanzia hapo mambo yakanyooka.

Huyu wa pili kwanza hakugusa gari. Alimwamkia mama shikamoo, wakakaa kwenye benchi chini ya mwembe, akamuuliza, "Mama, barabarani kitu gani kinakutia hofu siku hizi?" Sisi watoto wake hatujawahi kumuuliza hilo swali. Mama akasema vitu viwili, kukata kulia kwenye barabara ya lami yenye bodaboda, na taa za magari usiku. Mwalimu akasema sawa, tutaanza na hivyo hivyo, lakini kwanza nionyeshe unavyokaa.

Hapo kwenye kukaa ndo nilishangaa. Mama ni mfupi, kwahiyo alikuwa ameweka mto laini wa kochi kwenye siti na amevuta siti mbele mpaka kifua kinakaribia kugusa usukani. Mwalimu akatoa rula, rula ya kawaida ya shule, akapima kutoka katikati ya usukani mpaka kwenye mfupa wa kifua cha mama, ilikuwa kama kiganja tu. Akasema inatakiwa isipungue sentimita 25, kwasababu ndani ya ule usukani kuna eabegi, ule mfuko wa hewa wa kumkinga dereva ajali ikitokea, na ikifumuka inatoka kwa nguvu sana, mtu mzima mwenye mifupa ya umri ule akiwa amekaa karibu inaweza kumvunja mbavu badala ya kumuokoa. Afu ule mto laini akautoa, akasema breki kali ukipiga unateleza mbele na mkanda unapanda tumboni. Akaweka godoro gumu dogo lililokatwa saizi ya siti, akarudisha siti nyuma, akasimamisha kidogo mgongo wa siti usogee mbele ili mikono ifike, akashusha usukani, akamwambia mama angalia sasa, unaona lami mbele ya boneti? Mama akasema naona, zamani nilikuwa naona nusu. Gari ile amekaa nayo miaka yote hiyo hakuna mtu aliyewahi kumwambia kuwa usukani unashuka.

Na ndala. Mama huwa anaendesha na ndala, wamama wengi tu wa hapa mjini wanaendesha hivyo. Mwalimu alikataa kabisa kuwasha gari mpaka abadilishe, maana kwenye gari ya oto mguu ni mmoja wa kulia ndo unafanya kazi zote mbili, mafuta na breki, na ndala ikinasa chini ya pedali au ikigeuka una sekunde moja tu ya kujua umekanyaga kipi. Alimfundisha kisigino kikae sakafuni usawa wa breki, na mafuta anayakanyaga kwa kugeuza tu kidole upande. Mguu wa kushoto ukae pembeni usitumike kabisa. Kisa cha wazee kukanyaga mafuta wakidhani ni breki, wakati wa kupaki hasa, kipo dunia nzima na kinaua.

Kingine kuhusu breki, hiki kiwafikie wote waliojifunza gari zamani: wale walifundishwa kupampu breki, unakanyaga unaachia unakanyaga unaachia ili tairi zisijifunge. Gari nyingi hizi za Japani za sasa zina ABS, yaani mfumo wa breki unaozuia tairi zisijifunge, yenyewe inafanya hiyo kazi, ukipampu unaiharibia na unaenda mbali zaidi. Unakanyaga kwa nguvu zote, unashikilia, pedali itatetemeka mguuni na itatoa mlio kama inasaga, usiogope usiachie. Walienda kwenye uwanja wa vumbi akamfanyisha mama mara kadhaa mpaka ule mtetemo akauzoea. Mara ya kwanza mama aliachia, alifikiri gari imeharibika. Sasa fikiria angekuja kuujua huo mtetemo siku mtoto amekatiza mbele yake.

Kwenye vioo alifanya kitu ambacho nimeanza kukifanya mimi mwenyewe. Mama amekaa kwenye siti ameshika usukani, mwalimu akaenda nyuma ya gari akaanza kutembea taratibu upande wa kulia kuja mbele, akamwambia mama aseme "nakuona" muda wote anapomuona kwenye kioo, na akinyamaza mwalimu anasimama hapo hapo. Mama akasema nakuona, nakuona, nakuona, kimya. Mwalimu kasimama usawa wa mlango wa nyuma, mwanaume mzima, ukiwa ndani ya gari haonekani kwenye kioo chochote. Akasema hapa nilipo inaingia bodaboda na abiria wake wawili. Kijana anageuza shingo haraka anaona, lakini shingo ya miaka 68 haigeuki hivyo, kwahiyo akamtegea saiti mira zote mbili nje zaidi, mpaka ubavu wa gari yenyewe unaonekana kwa mbali sana au hauonekani kabisa, na akamshauri tununue vile vioo vidogo vya duara vinavyobandikwa kwenye kona ya saiti mira, maduka ya spea vipo na ni hela ndogo. Tumeshabandika. Tena akampa na mazoezi ya shingo na mabega ya kufanya asubuhi akiwa amekaa kitandani.

Kukata kulia ndo ilichukua muda mwingi kuliko vyote, na ilistahili. Sisi tunaendesha kushoto kwahiyo unapokata kulia unapita mbele ya gari zinazokuja, lazima ukadirie ile gari iko mbali kiasi gani na inakuja mwendo gani, na pikipiki kwa vile ni nyembamba inaonekana iko mbali kumbe imefika. Macho ya mtu mzima yanakosea zaidi hapo na maamuzi yanachelewa kidogo. Mwalimu akamweleza kwa hesabu, gari ikienda kilomita 50 kwa saa inakula karibu mita 14 kila sekunde, kwenye 80 ni mita 22, kwahiyo ukichelewa kuamua sekunde moja tu umeshapoteza urefu wa basi na zaidi. Dawa yake? Kwanza usiogope honi ya nyuma, anayepiga honi hatalipia matibabu yako. Pili, tairi za mbele ziache zimenyooka wakati unasubiri, usizikunje kulia, maana ukigongwa nyuma utasukumwa moja kwa moja kwenye gari zinazokuja. Tatu kile kinguzo cha pembeni ya kioo cha mbele kinaficha pikipiki nzima, kwahiyo sogeza kichwa mbele na nyuma uangalie pande zote za nguzo kabla hujaondoa gari. Na kama pana foleni mbaya, usikate. Nenda mbele, kata kushoto, zunguka mtaa, utatokea unapotaka. Mama sasa hivi kutoka sokoni anazunguka hivyo hivyo, anachelewa dakika chache na hofu imeisha.

Somo la sheria alifundisha trafiki mstaafu, na huyu mzee Mungu ampe afya, anaongea vizuri, hatishi mtu. Alianza na Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, Sura ya 168, akaeleza kwamba wengi wa wazee pale walipata leseni enzi hizo na wanadhani wanaijua, kumbe wanajua mazoea. Akauliza, ukifika njia panda na unaenda moja kwa moja unawasha nini? Karibu darasa zima likajibu hazadi! Akasema hapana, hazadi ni ya gari lililoharibika au lililosimama pabaya, ukiwasha njia panda mtu aliye kulia anaona indiketa ya kulia tu na aliye kushoto anaona ya kushoto tu, kila mmoja anaamini unakata kwake. Unaenda moja kwa moja huwashi kitu. Na ile ya safari ndefu, lori la mbele likiwasha indiketa ya kushoto unajua umeruhusiwa kuovateki, akasema ile ni lugha ya madereva haimo kwenye sheria, dereva wa lori akikosea au kumbe anaingia kushoto kweli, utakayekufa ni wewe, angalia kwa macho yako mwenyewe na mstari usiokatika usiuvuke hata lori lote limekuita.

Mengine aliyapitia haraka. Sehemu yenye makazi mwisho ni 50, na kijiji kikiisha usiongeze mpaka upite kibao kinachofuta 50, hapo ndo tochi ya trafiki ya kupima mwendo inakaa. Mabasi na malori makubwa mwisho 80 hata kama barabara iko wazi, kwahiyo ukiona basi linakutafuna nyuma njia ya Nzega ujue linavunja sheria, wewe shika kushoto kwako lipite usishindane nalo. Zebra akiwepo mtu unasimama, hupunguzi, unasimama. Kiplefti unampisha aliye kulia kwako ambaye ameshaingia. Faini ya papo kwa papo kwa gari ni 30,000 kwa kila kosa, sio kwa kila kusimamishwa, makosa mawili ni 60,000. Leseni sasa hivi ni miaka 5, ilikuwa 3, na ndo maana wazee wengi wanasahau tarehe, akawaambia kila mtu atoe leseni yake asome tarehe ya mwisho kwa sauti, na walikuwepo ambao zimeshaisha na walikuja na gari pale. Na reli, maana Tabora hapa ndo njia zinagawanyika ya Kigoma na ya Mwanza, treni zinapita mchana na usiku, alisisitiza ukifika kwenye reli unasimama, unashusha kioo, unazima redio, unasikiliza, kwasababu sikio la mtu mzima halishiki honi ya mbali na treni haiwezi kufunga breki kwa ajili yako.

Sasa haya makaratasi. Kila mzee alipewa kitini cha kwenda nacho nyumbani, na mimi nilikisoma chote usiku ule, nikapata hasira. Kimetolewa mtandaoni, ni cha Marekani, nusu Kiingereza nusu Kiswahili cha kompyuta, na kule kila jimbo lina sheria zake za barabarani na wanaendesha KULIA. Kwahiyo kitini kinamwambia mzee wa Tabora ajihadhari sana na kukata kushoto. Kwao ni kweli, kukata kushoto kule ndo kunapita mbele ya gari zinazokuja, kwetu ni kinyume chake. Kuna sehemu kinasema taa ikiwa nyekundu unaweza kukata kulia ukishasimama na kuangalia. Kule majimbo mengi inaruhusiwa kwasababu kulia kwao ndo upande wa karibu, ila hata huko ndani ya jiji la New York ni marufuku isipokuwa kuwe na kibao. Mzee akakisoma hicho afu siku akaenda Dar kwa watoto akafanya kwenye taa, anaingia mbele ya magari yote. Kinasema usimame basi la shule likiwasha taa nyekundu zake, kwetu hayo mabasi ya kuwasha taa hayapo. Mwendo umeandikwa kwa maili, kibao cha 55 ya maili ni kama 88 za kilomita.

Nilirudi nao asubuhi yake nikawaonyesha mstari kwa mstari. Mwalimu wetu alikubaliana na mimi palepale, akasema yeye darasani huwa anageuza kwa mdomo, lakini karatasi inabaki nyumbani na mdomo unasahaulika. Wanafundisha vizuri kiasi kile, wanashindwaje kukaa jioni moja wakaandika kurasa nne za Kiswahili chetu, kwa barabara zetu, na kwa herufi kubwa? Maana na herufi zenyewe zilikuwa ndogo, wazee wote wamevaa miwani na bado wanasogeza karatasi mbali.

Sio kwamba vya wenzetu havina maana. Shangazi yangu anakaa New York, alisoma kozi kama hiyo, na kule ukimaliza kozi inayotambulika kampuni ya bima inakupunguzia asilimia 10 kwa miaka 3, kwahiyo wazee wanaenda wenyewe bila kusukumwa. Uingereza leseni inaisha ukifika miaka 70, baada ya hapo unahuisha kila miaka 3 na unatakiwa useme kama una ugonjwa unaoathiri uendeshaji. Japani ukifika 75 unapimwa kumbukumbu wakati wa kuhuisha leseni. Kampuni zetu za bima zingeiga hilo la punguzo mi naamini darasa hili lingejaa kila wiki.

Kuhusu macho na dawa walikuwa makini sana. Kabla ya kozi walitaka kila mzee akapime macho, mama tukakuta mtoto wa jicho umeanza upande mmoja, bado mdogo, na hiyo ndo ilikuwa sababu ya taa za usiku kumtawanyikia kama miale. Hatukuwa tunajua, tulidhani ni uoga. Daktari amempangia kurudi kwa uangalizi. Mwalimu akamwambia wazi, mama kuanzia magharibi gari ipaki mpaka jicho litibiwe. Na safari za Urambo jioni usiende kabisa maana jua linakuwa mbele yako njia nzima, na ukitoka kule asubuhi mapema ni hivyo hivyo, subiri lipande. Kioo cha mbele ufute na ndani pia, kiangazi vumbi la huku likikaa kwenye kioo afu jua likapiga huoni kitu, na baiskeli zenye magunia ya mkaa ziko pembeni ya lami kila hatua.

Dawa, kila mzee alikuja na mfuko wa dawa zake. Hawakumwambia mtu aache dawa, walisema mkamuulize daktari au mfamasia ipi inaleta usingizi au kizunguzungu. Ila piriton za mafua waliitaja kwa jina, unameza asubuhi unasinzia mchana kwenye usukani. Kwa wenye sukari kama mama, anapima kabla ya kuwasha gari, haendeshi na njaa, na kwenye gari hakukosekani glukosi au soda ya sukari. Akianza kutoka jasho, kutetemeka au kuona ukungu anapaki hapo hapo, hasemi nafika tu hapo mbele.

Kilichonigusa zaidi ni ule ukweli wao mwishoni. Walikaa na kila mzee na mtoto wake pembeni, faragha. Kwa mama walisema anaendesha vizuri mchana, safari fupi na za kati ni sawa, usiku hapana kwa sasa, na mwakani arudi aangaliwe tena. Kuna baba mmoja pale aliambiwa asiendeshe kabisa mpaka akatibiwe macho, walimwambia kwa heshima, mtoto wake akiwepo, na yule mzee akakubali mwenyewe akampa mwanae funguo kwa mkono wake. Angeambiwa na watoto nyumbani ungekuwa ugomvi wa mwaka mzima.

Mapungufu mengine: darasa liko ghorofani na ngazi hazina pa kushika, wazee wenye magoti wanapanda kwa shida, hilo kwa huduma ya wazee halikubaliki. Hawana mazoezi ya magharibi hata kwa wale ambao macho yao yako sawa, na kiza kinapoanza kuingia ndo wakati mgumu. Na muda, waliweka mazoezi mpaka saa saba mchana, jua la Tabora la mwezi wa tisa na mtu wa miaka 68 mpaka mgongo umelowa. Niliomba tukahamishiwa asubuhi, wakakubali.

Nawapa nyota nne. Ya tano wataipata wakiandika kitini chao.

Ukiamua kwenda, piga simu kwanza uombe zamu ya asubuhi na uulize kabisa kama yule mwalimu mtu mzima yupo, maana wanapokezana. Nenda na gari ya mzee wako, sio yako. Beba miwani yake, mfuko wa dawa zote, leseni, na cheti cha kupima macho kama kipo, kama hakipo wapeleke wiki moja kabla. Mtoto mmoja aende nae akae siti ya nyuma anyamaze, mkienda wawili mtamchanganya. Na avae viatu vya kufunga.